Mwanangu hatulii darasani, usiku ndo anachangamka

SWALI: Shangazi shikamoo. Nina mtoto wa kiume wa miaka 5, mwalimu wake kila mara ananiita, eti hakai chini, anaanza kuchora anaacha katikati, mwenzie akimgusa kidogo anapiga au anaangua kilio. Jioni nyumbani ndo usiseme, ananuna hata kwa kupewa kikombe asichokitaka, halafu ikifika saa 3 usiku ghafla anachangamka, anaruka kwenye makochi anacheka peke yake. Analala saa 4, saa 12 asubuhi namwamsha kwa vita. Baba yake anasema huyu hana usingizi, si unaona anavyocheza? Bibi yake anasema nimchape. Nifanyeje? – Mama Kijana

JIBU: Marahaba mwanangu. Fimbo weka pembeni kabisa, kwa ulivyoeleza mimi naona mtoto aliyechoka, na mtoto hachapwi kwa kuchoka.

Wengi tunakosea hapa kwa sababu tunamwangalia mtoto kama mtu mzima. Sisi tukikosa usingizi tunasinzia, macho mazito, basi. Mtoto mdogo mara nyingi ni kinyume chake, mwili unajilazimisha kukaa macho kwa homoni zile zile za kukabiliana na msongo, ndo unaona anakimbia, anapiga kelele, hashikiki. Kwa hiyo baba yake anaona kweli mchezo wa saa 3, ila kuruka kule kunaweza kuwa ndo dalili yenyewe ya kwamba muda wa kulala ulishapita zamani.

Hebu piga hesabu. Saa 4 mpaka saa 12 ni masaa 8. Wataalamu wa usingizi wa Marekani mwaka 2016 walitoa mwongozo kwamba mtoto wa miaka 3 hadi 5 anahitaji masaa 10 hadi 13 kwa siku, ukijumlisha na usingizi wa mchana. Kama mchana halali, wako anakosa masaa 2 au zaidi kila siku, ukifika Ijumaa deni limeshakuwa kubwa. Na sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayomwezesha kusubiri zamu, kumaliza alichoanza na kuzuia mkono usipige, ndo inaumia mapema usingizi ukipungua, na kwa umri wake bado hata haijakomaa.

Usidhani mpaka ubadilishe maisha yote. Kuna utafiti wa Kanada uliotoka 2012, watoto wa miaka 7 hadi 11 waliongezewa usingizi kama nusu saa tu kwa usiku, na walimu ambao hawakujua nani kaongezewa wakaona hasira zimepungua na utulivu umeongezeka, waliopunguziwa usingizi mambo yakaharibika.

Sasa anza hivi, usimvute toka saa 4 hadi saa 2 kwa siku moja maana atalala macho wazi na nyie mtagombana, rudisha robo saa kila baada ya siku mbili tatu mpaka ufike saa 2 au kabla. Simu na tivii zizimwe saa nzima kabla, taa ipunguzwe, macho ya watoto yanapitisha mwanga mwingi kuliko yetu na mwanga unachelewesha melatonini, homoni inayoleta usingizi. Chai ya majani na soda zenye kafeini jioni hapana. Kuoga, hadithi, kitandani, kila siku mpangilio ule ule, wikiendi pia.

Kitu ambacho hukuniambia na nataka sana ukiangalie, anakoroma? Nenda usiku akiwa amelala fofofo umsikilize. Kama anakoroma siku nyingi, analala mdomo wazi na shingo kaipindua nyuma, anatoka jasho, au pumzi inakatika kidogo halafu anashtuka kwa kuvuta hewa, basi hata akilala masaa 12 ataamka amechoka. Mara nyingi ni mafindofindo au nyama za nyuma ya pua zimevimba zinaziba njia ya hewa. Mrekodi video kwa simu, umpeleke kwa daktari umwonyeshe. Wapo watoto wanaodhaniwa wana ADHD, ule ugonjwa wa kushindwa kutulia na kumakinika, kumbe usiku hawapumui vizuri, kwa hiyo hilo lichunguzwe kabla hajapewa jina lolote, na mwalimu mwambie mapema kwamba mnalifuatilia.