Maji chini ya kapeti la Roadster: usinunue turubai kabla hujaangalia tundu

SWALI: Shikamoo fundi. Mjomba ameniachia Mazda Roadster ya 1991, ile ndogo ya viti viwili yenye taa za mbele zinazoinuka, injini ya 1.6. Naishi Raskazone na gari linalala nje chini ya mti. Kila ikinyesha mvua kubwa nakuta maji nyuma ya kiti cha dereva, kapeti limelowa chapachapa, na siku ya tatu gari linanuka. Kwenye turubai la paa sioni penye tundu. Halafu chini ya mlango huohuo, karibu na tairi la nyuma, rangi imevimba. Fundi mmoja kaniambia ninunue turubai jipya, na hapo palipovimba atapiga msasa, puti na rangi, kazi ya siku moja. Juzi nimelinyanyua kwa jeki, chuma kikabonyea, na tangu siku hiyo mlango unafunga kwa kubana. Nifuate ushauri wake? Na gari la wazi linatunzwaje hapa Tanga lisiliwe na kutu?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Turubai usinunue, na puti asipige mtu hapo. Maji, uvimbe na kule kubonyea kwa jeki ni ugonjwa mmoja, na umeanzia kwenye tundu ambalo bila shaka hujawahi kuliona.

Turubai la gari hili halizuii maji peke yake. Pale nyuma linapokutana na bodi kuna mfereji wa plastiki umefichwa chini ya kitambaa. Mvua inateremka juu ya turubai, inaingia mferejini, inagawanyika kushoto na kulia, kisha kila upande inazama kwenye tundu lililoko pembeni kabisa, nyuma ya nguzo ya mkanda wa kiti. Kutoka hapo inashuka ndani ya bomba lililopita katikati ya bodi na kudondoka chini, mbele kidogo ya tairi la nyuma. Tundu likiwa wazi, hata masika ya Tanga hayaliwezi. Likiziba, ile pembe inajaa kama karai, maji yanapanda hadi ukingoni na kumwagikia nyuma ya kiti chako. Ndiyo maana huoni tundu kwenye turubai. Halipo.

Hujasema mti wenyewe ni upi. Ukiwa mwarobaini, sina swali zaidi. Jani la mwembe ni kubwa, linabaki juu ya gari na unaliokota kwa mkono. Vijani vya mwarobaini ni vyembamba, vinapenya penye zipu na kando ya kitambaa, vinajikusanya mferejini na kuchanganyika na vumbi. Nimeshalifungua tundu la namna hiyo nikatoa kitu kama ugoro uliolowa, cheusi, kimeshikana, na katikati yake mbegu ya mwarobaini imeanza kuota.

Kuzibua ni kazi yako mwenyewe, usimlipe mtu. Nenda Deep Sea kwa wauza zana za uvuvi, nunua mshipi mnene, ule wa samaki wakubwa. Mita mbili zinatosha. Ncha moja ichome kwa kiberiti na uisokote ikiwa bado laini, iwe na kifundo cha mviringo kama punje ya mtama. Fungua zipu ya kioo cha nyuma cha plastiki, kilaze taratibu, ndipo ukunje turubai nusu. (Usikunje turubai la gari hili na kioo kimefungwa. Plastiki iliyopigwa na jua miaka mingi inavunjika palepale kwenye mkunjo.) Mulika tochi kwenye pembe, toa uchafu wa juu kwa vidole, kisha uingize mshipi huku ukiuzungusha polepole, ukimimina maji kikombe kwa kikombe. Ukikwama usilazimishe, rudisha nyuma uzungushe tena. Waya wa chuma usitumie, unatoboa bomba. Kompresa nayo usiielekeze humo, kwa sababu upepo wake unaweza kulichomoa bomba kwenye maungio, na bomba likichomoka ndani ya bodi utatamani urudi kwenye shida uliyokuwa nayo mwanzo.

Ukishazibua, mwambie mtu achuchumae kwenye tairi la nyuma, wewe umimine lita moja ya maji. Yatoke chini mara moja, mengi kama ulivyomimina. Yakishuka kwa unyonge, endelea kuzibua. Yakizama juu na chini yasitokee, acha kumimina: bomba limepasuka au limechomoka, na maji yanaingia ndani ya kizingiti cha mlango. Fanya pande zote mbili, hata ule usiovuja.

Nakueleza pia namna ya kusoma maji kwa mahali yalipo, isije siku nyingine ukazibua tundu lisilo na kosa. Maji yakiwa nyuma ya kiti, angalia tundu. Yakiwa mbele miguuni au yanadondokea paja, ni raba za mlango na za pembe ya kioo cha mbele. Yakiwa kwenye buti, kagua raba za taa za nyuma.

Sasa tuje kwenye uvimbe. Hapa naomba unisome polepole, maana hapa ndipo gari linapookolewa au linapouawa.

Kile kipande kilichopo chini ya mlango, kinachoanzia tairi la mbele hadi la nyuma, ni kizingiti. Kwa nje unaona bati moja lililopakwa rangi, lakini ndani ni boksi: bati la nje, bati la katikati la kuongeza nguvu, na bati la ndani. Chini kwenye mshono kuna vijitundu vya kutolea maji. Tope likiviziba, maji yaliyofurika kutoka juu yanakaa humo wiki nzima, yana joto, na kwa sisi wa pwani yana chumvi. Kutu inaanza ndani. Inakula bati la katikati, inakuja la nje, na rangi inavimba mwisho kabisa. Uvimbe uliouona ni wa ugonjwa uliokaa miaka.

Kwa nini hili ni kubwa kuliko kwenye Corolla ya jirani yako? Gari la paa la bati ni kama boksi lililofungwa: paa, nguzo na sakafu vinashikana. Gari lako limekatwa juu. Nguvu ya kulizuia lisijipinde ipo kwenye vizingiti viwili na ule mgongo wa katikati unaopitia giaboksi. Waliolitengeneza walilitaka jepesi. Lilipotolewa Japani Septemba 1989, kwa jina la Eunos Roadster (jina hilo ndilo utalikuta kwenye karatasi zake za Kijapani), lilikuwa na kilo 940 hivi na nguvu ya farasi 120. Wepesi huo ndio utamu wake wote. Peleka gari hili zima kwenye kona za kutoka Mombo kupanda Soni kwenda Lushoto, utaona usukani unajibu kabla hujamaliza kuwaza. Lakini wepesi huo umepatikana kwa kutokuweka chuma cha ziada popote. Kizingiti kikioza, hakuna kingine kinachopokea mzigo. Dashibodi inaanza kutetemeka kwenye mashimo, milango inagonga, na mwishowe mwanya wa mlango unajifunga kwa juu. Mlango wako umeshaanza kusema hivyo.

Mimi mwenyewe nimewahi kukubali kazi ya puti ya namna hiyo. Nilikuwa kijana, gereji ya Ngamiani, mteja ana haraka na pesa yake ndogo. Nilisugua, nikajaza puti, nikapiga rangi, ikang'aa kweli. Masika yaliyofuata akarudi. Nikabonyeza kwa kidole gumba, puti ikaingia ndani kama ganda la yai, na maji ya rangi ya chai yakachuruzika hadi kwenye kiwiko changu. Puti ilikuwa imeyafungia maji ndani, na bati lililobaki likaliwa haraka kuliko kama nisingeligusa. Yule bwana alihitaji kizingiti kizima pande zote mbili. Tangu siku hiyo sijaweka puti juu ya bati lililotoboka, na nikikuta mtu anamwekea mteja nasema.

Kwa hiyo kwanza pima uone kizingiti kimeharibika kiasi gani. Asubuhi, pakiwa kimya, litikise gari kwa kulisukuma ubavuni. Ukisikia maji yanacheza ndani, tafuta vijitundu vya mshono wa chini uvizibue. Kisha gonga kizingiti kwa mpini wa bisibisi kuanzia mbele kurudi nyuma. Bati zima linalia kavu, likikaribia pabovu sauti inazama kama unagonga boksi la karatasi. Weka alama kwa chaki. Halafu pima mwanya kati ya mlango na bodi, juu na chini, pande zote mbili, magurudumu yakiwa chini, uandike. Vipimo hivyo ndivyo mwongozo wa mchomeleaji. Asiyevitaka, usimpe gari.

Akikubali kazi, mambo ya kusimamia ni haya. Gari likae kwenye stendi zilizobeba chini ya maungio ya miguu yake, lisininginie katikati. Kabla hajakata chochote, bomba la mraba lichomelewe kushikiza nguzo ya bawaba na nguzo ya kitasa, la sivyo gari litalegea mkononi mwake na milango haitafunga tena maishani. Akate hadi afike kwenye chuma cheupe, na bati la katikati litengenezwe kabla la nje halijafungwa. Bati la milimita moja hivi linatosha. Wapo watakaokushauri bati nene la geti "ili lidumu". Kataa: linaongeza uzito, na linapokutana na bati jembamba la zamani, ni lile jembamba linalochanika. Atumie mashine ya MIG, ile ya waya na gesi. Vijiti vya umeme vinatoboa bati la gari hili kama sigara kwenye karatasi. Betri ichomolewe kwanza, kapeti na viti vitoke vyote. Tangi la mafuta liko nyuma tu ya viti, si mbali na hapo cheche zinaporuka. Mtungi wa kuzimia moto uwe mkononi mwa mtu, si ofisini.

Kazi ikiisha, ndani ya boksi ipulizwe nta ya kuzuia kutu kwa mrija mrefu, ifike kila kona, na vijitundu vya chini vibaki wazi. Najua mafundi wengi hapa tunapuliza oili chafu. Oili chafu ina asidi na masizi ya injini, inalainisha raba na kuchafua ardhi. Ukikosa nta, afadhali oili mpya nzito.

Kuhusu jeki: bati lililobonyea lilikuwa limeshaoza, wewe umelifichua tu. Mpaka litengenezwe, usinyanyue kwenye mshono wa kizingiti. Mbele weka jeki chini ya mhimili wa kati unaobeba injini, nyuma chini ya difu (ile gia kubwa iliyo kati ya magurudumu ya nyuma), na kipande cha ubao katikati. Ule mhimili mrefu wa aluminiamu unaounganisha giaboksi na difu unaonekana kama mahali pazuri pa kuweka jeki. Si mahali pake, usiuguse. Na usiingie chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake.

Utunzaji wa pwani si mgumu. Lihamishe kutoka chini ya mti. Lioshe kwa maji ya bomba, na mpira wa maji uelekeze chini, nyuma ya matairi. Visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi, na kuosha gari kwa maji hayo ni kulipaka kile unachotaka kulitoa. Usilifunike kwa nailoni, linatoa jasho usiku kucha. Kivuli cha makuti chenye upepo ni bora kuliko banda la mabati lisilo na dirisha. Mshipi wako uuhifadhi kwenye buti, uupitishe kabla ya masika na kabla ya vuli.

Ukiwa kwenye buti, itazame betri. Gari hili betri yake iko huko nyuma, upande wa kulia, na inatakiwa iwe ile iliyofungwa, yenye mrija wa kutoa hewa yake nje ya gari. Nakuta watu wameweka betri ya kawaida bila mrija. Mvuke wa asidi unakula sakafu ya buti, na gesi yake inawaka.

Leo toa viti na kapeti, vianike juani mpaka sponji la chini likauke kabisa. Juu linakauka kwa siku moja, chini linaweza kuchukua wiki. Usirudishe kitu mpaka umemimina ile lita ya maji pande zote na kuiona ikitoka. Kisha niletee vipimo vinne vya mwanya wa milango. Vya upande wa dereva vikitofautiana na vya abiria, gari lisitembee hadi lichomelewe.