Hatua 158 kwa dakika, na goti linauma

SWALI: Nakimbia kilomita 8 mara tatu kwa wiki, kila kilomita dakika 5 na nusu. Saa yangu inaonyesha hatua 158 kwa dakika, na goti la kulia limeanza kuuma. Mwenzangu anasisitiza lazima nifike 180. Cha ajabu, mapigo ya moyo nayo yanasoma 158. Nifanyeje?
Msomaji, Moshi

JIBU: Hiyo 180 imetokana na kocha Jack Daniels, aliyehesabu hatua za wakimbiaji kwenye Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984. Wale walikuwa mashindanoni. Mtu akipunguza kasi, hatua zake nazo hupungua, kwa hiyo achana na 180.

Kwanza ipime saa yenyewe. Hesabu mguu wa kulia unatua mara ngapi kwa sekunde 30, kisha zidisha kwa 4. Ukipata 39 au 40, saa iko sawa.

Kwa kasi yako, kila hatua ina urefu wa kama mita 1.15. Huenda mguu unatua mbele mno ya mwili, goti likiwa karibu limenyooka, likabeba kishindo chote. Mwombe mtu akupige video ya mwendo wa polepole kutoka ubavuni, simu ikiwa imetulia usawa wa kiuno. Simamisha picha pale mguu unapogusa ardhi: kisigino kikiwa mbele sana ya goti, tatizo ni hilo.

Ongeza asilimia 5 tu, yaani 166. Hatua itafupika kwa sentimita 5 hivi. Weka programu ya mdundo kwenye simu, ufuate dakika 1, pumzisha mdundo dakika 2, urudie mara 5. Wengi hukosea hapa: mdundo ukiongezeka, nao huongeza kasi. Saa ikisoma dakika 5 na sekunde 10 kwa kilomita, hujafupisha hatua. Mashavu ya miguu yatafanya kazi zaidi; yakikaza, shuka hadi 162 kwa wiki moja. Goti likivimba, acha mbio umwone daktari.

Mapigo kulingana na hatua ni jambo la kutilia shaka. Saa husoma damu kwa mwanga, na mkono ukitikisika, kihisi hudaka mtikisiko wa hatua badala ya moyo. Ivae vidole viwili juu ya kifundo cha mkono, imekaza bila kubana. Ikiendelea hivyo, tumia mkanda wa kifuani, na uloweshe sehemu zake zinazogusa ngozi kabla ya kuuvaa.