Los Angeles: wapeleke wageni kituo cha zamani cha zimamoto, Central Avenue

Mkuu, umeuliza uwapeleke wapi wageni wako hapa Los Angeles, maana Hollywood na ufukweni wameshapachoka. Wapeleke African American Firefighter Museum, Central Avenue. Ni kituo cha zamani cha zimamoto, namba 30, jengo la 1913: chini magari, juu walikolala askari. Wengi huingia kwa ajili ya magari, na yapo, hata lile la kubebea mipira ya maji la 1890, enzi za farasi. Wanangu walitaka kushinda hapo hapo chini. Wewe panda juu, kwenye picha.

Kuanzia 1924 kituo hiki kilikuwa cha weusi watupu. Baadaye kikaongezwa namba 14, barabara hiyohiyo, basi. Mji wote ule, mweusi hana pengine pa kufanya kazi ya zimamoto. Sasa piga hesabu ya vyeo: nafasi za ukapteni ni za vituo viwili tu, kwa hiyo unafaulu mtihani halafu unakaa kumsubiri mwenzako astaafu au afe. Na mchezo huo ulikuwa wa zamani. George Bright, aliyeajiriwa 1897, alipopandishwa cheo 1902 alikusanyiwa weusi wenzake awaongoze, mzungu asije akapokea amri yake.

Utengano huo wa weusi na wazungu ulipovunjwa rasmi katikati ya miaka ya 1950, wakasambazwa kwenye vituo vya wazungu, na vita ikahamia jikoni. Zimamoto zamu ni ya kulala kituoni, watu wanachanga, wanapika, wanakula meza moja. Weusi wakakatazwa meza hiyo. Arnett Hartsfield, aliyeingia kazini 1940 na kusomea sheria huku akizima moto, ndiye aliyehangaika kuliko wote kuiandika historia hii isipotee. Kwangu mimi hilo jiko linaeleza zaidi ya mitambo yote ya chini. Moshini mnashikilia mpira mmoja, mkirudi sufuria huruhusiwi kugusa!

Makumbusho yamekuwepo tangu 1997, na wanaoyaendesha ni watu wa kujitolea, hivyo hayafunguliwi kila siku. Ulizia kwanza kabla hujawasha gari. Ukibahatika kutembezwa na mzee mstaafu wa zimamoto, achana na maandishi ya ukutani, muulize habari za jikoni.