Lisbon kwa siku mbili, bila kuumia mfukoni

Dada, kwa siku zako mbili Lisbon, anza na mtaa wa Belém. Panda tramu namba 15 asubuhi na mapema, ila si Jumatatu, maana monasteri ya Jerónimos iliyo huko hufungwa. Kaburi la Vasco da Gama limo kanisani humo, karibu na mlango. Ndiye yule yule aliyetia nanga Malindi mwaka 1498. Ukitoka, kuna duka la vikeki vya kastadi lililoanza 1837. Nyunyizia mdalasini, ule vikiwa vya moto, ganda linamomonyoka hadi kwenye nguo.

Kuhusu kula: ukikaa tu, mhudumu analeta mkate, zeituni na jibini. Usidhani ni takrima! Ukigusa unalipa, usipogusa hulipi. Mimi nilifakamia zeituni zote, bili ikanitoa jasho. Mchana uliza prato do dia, yaani mlo wa siku, ni nafuu. Bacalhau ni samaki wa chumvi aliyekaushwa, binamu yake ng'onda. Bifana ni mkate wenye nyama ya nguruwe, kama huli iache.

Tramu 28 ipande, ila mkoba uwe kifuani. Wadokozi wanaipenda kuliko watalii.