Redio za upepo kwenye nyumba zinazosemwa zina mizimu: niliyojifunza Tabora

Usiku ule tuliodhani tumeupata mzimu, tulikuwa wanne. Nyumba yenyewe ni ya udongo, ya zamani, kwenye njia ya kwenda Kwihara, kuta nene na miembe mikubwa imeizunguka. Mama mwenye nyumba alishahama, kwa sababu watoto walikuwa wakisikia mtu anaburuta kiti usiku. Mimi nilikaa chumba cha ndani na kipima sumakuumeme, kile chenye taa tano ambacho wanaotafuta mizimu huamini kinawaka ikiwa karibu, nikauliza taratibu: "Kama upo, washa taa." Zikawaka zote mpaka nyekundu. Nikauliza tena, zikawaka tena. Mwili ulinisisimka.

Tulikaa na video ile karibu miezi miwili, kila tuliyemwamini tunamwonyesha. Halafu mchana mmoja nipo nyumbani Isevya nachaji vifaa, mdogo wangu akachukua redio mezani, akabonyeza kitufe cha kuongelea amwite mwenzake aliyekuwa uani. Kipima kikawaka taa zote tano. Akaachia, zikazima. Nikamwambia, "Hebu bonyeza tena." Zikawaka tena.

Nikairudia video ile, safari hii nimevaa hedifoni. Kila taa zinapowaka, kwa mbali inasikika sauti ya mwenzetu aliyekuwa nje ya dirisha, hatua mbili tu kutoka nilipokaa: "Nakusoma, ova." Hakukuwa na kingine. Nilirudi kwa yule mama nikamweleza. Ilikuwa ngumu, maana sisi ndio tuliomthibitishia hofu yake.

Kwa hiyo mtu akiniuliza anunue redio gani kwa kazi hii, namjibu kwanza hivi: redio ni chombo cha kuwalinda watu mlioongozana nao, na kila ukibonyeza kile kitufe unamwaga mawimbi ambayo kipima hakiwezi kuyatofautisha na kitu kingine chochote. Hata rekoda inaweza kuyadaka, ukasikia mngurumo au mikwaruzo ambayo baadaye utaigeuza kuwa maneno. Siku hizi kabla ya kuuliza swali lolote natangaza kimya redioni, na wote wanaitikia. Mwenye haja ya kuongea anatoka kwanza, anakwenda mbali na vipima, na anaitaja saa kwa sauti ili rekoda ishike. Kikohozi, kiti kilichosogea, pikipiki iliyopita barabarani, vyote tunavitaja palepale.

Kwenye kununua, usibabaishwe na kilomita zilizoandikwa kwenye boksi. Zile ni za mtu aliye juu ya mlima anayeongea na mwenzake aliye mlima mwingine. Kwenye ardhi tambarare kama yetu, mtu aliyeshika redio usawa wa mdomo, upeo wa macho yake hauzidi sana kilomita nne, na kabla hujafika huko miembe na kuta zimeshakula nguvu. Redio za UHF, zile za megahezi 400 kwenda juu, ndizo zinazopenya vizuri zaidi milangoni na madirishani ndani ya majengo. VHF, zile za masafa ya chini zaidi, nazipenda porini kwenye miombo. Tafuta inayoweza kupunguzwa nguvu: nyingi zina wati 4 au 5 na zinashuka mpaka 1. Ndani ya nyumba wati moja inatosha, na inasumbua vipima kidogo zaidi. Zima ule mfumo wa redio kujiwasha yenyewe ikisikia sauti. Zima na ule mlio unaotoka kila ukimaliza kuongea. Funga vitufe ili chaneli isihame mfukoni. Na usibonyeze kuongea antena ikiwa imetolewa, unaweza kuunguza redio.

Kuna jambo watu wanalipuuza: masafa yanasimamiwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, na kutumia redio hizi kunataka kibali. Fuatilia kabla ya kununua, na usiguse kabisa chaneli za polisi au za reli. Zile namba za siri za chaneli nazo hazifichi maneno yako. Zinanyamazisha tu spika yako usiwasikie wengine. Sisi saa saba usiku tuliwahi kusikia mwanamume anasema "fungua geti" ndani ya nyumba isiyo na geti. Kijana mmoja alitetemeka hasa. Kumbe aliyesema alikuwa mlinzi wa mahali fulani, yupo kazini kwake, redio yetu imemdaka.

Kwa kuwa yeyote mwenye redio anaweza kukusikia, usitaje jina la jirani hata mara moja. Huku kwetu bibi wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, macho mekundu tu yametosha kuwaponza. Neno moja la kubahatisha usiku, likisikiwa na mtu mwenye msiba, linaweza kumfuata bibi wa watu mpaka mlangoni kwake. Hili sina mzaha nalo, na nimeshamwondoa mtu kwenye timu kwa sababu hiyo.

Hatari ya pili inawahusu ninyi wenyewe. Watu wanne wasiojulikana, usiku, tochi zimefunikwa, wananong'ona nyuma ya nyumba ya mtu! Sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, walianzia kwa Wanyamwezi na Wasukuma mwanzoni mwa miaka ya 1980, na filimbi ikipigwa hakuna atakayesubiri maelezo yako. Pita kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa balozi wa nyumba kumi mchana, jitambulisheni, muonekane sura.

Sisi tunanunua redio moja zaidi, na hiyo anakaa nayo mzee wa nyumba ya jirani. Tunamfundisha abonyeze, ahesabu moja, ndipo aongee, la sivyo neno la kwanza linakatika. Mwaka jana kijana wetu alitumbukia mguu kwenye shimo la choo cha zamani lililofunikwa na majani, kifundo kikateguka, na simu ikamdondokea humohumo. Redio ilikuwa kiunoni. Kabla hatujamfikia, mzee alishatoka na taa na mtoto wake wa kiume na ubao wa kumbebea.

Tangu hapo kila baada ya nusu saa namwita: "Shikamoo mzee, tupo wote wanne." Naye anaitikia, sauti nzito ya usingizi: "Marahaba, nawasikia wanangu."