Usipige hesabu ya madini ya risasi kwa uzito wa chaja nzima

Simamisha hiyo kazi kwanza. Umesema umeshanunua waya wa lehemu usio na risasi, na kwamba zile bodi tupu za saketi zilizoko stoo hazina tabu kwa sababu risasi iliyomo, ukiigawa kwa uzito wa chaja nzima ya sola, haifiki kikomo cha asilimia 0.1. Na mzigo unaenda Ujerumani. Bodi kama hizo ndizo zilizotumaliza sisi.

RoHS ya Umoja wa Ulaya, agizo la 2011/65/EU linalozuia vitu vyenye sumu kwenye vifaa vya umeme, haipimi chaja. Inapima kila nyenzo peke yake, ile ambayo hata ukikata, ukisaga au ukikwangua huitenganishi tena. Ganda la waya ni nyenzo moja, shaba ya ndani ni nyingine. Utando wa lehemu juu ya pedi za bodi, yaani vile vidoa vya shaba vya kulehemia vipuri, mwembamba kuliko unywele, nao unahesabiwa peke yake. Ukiwa ni lehemu ya zamani, ile ya bati 63 kwa risasi 37, una risasi asilimia 37. Umezidi kikomo mara 370!

Bodi zetu zilikuja zimefungwa safi, ankara imeandikwa RoHS. Tukamwuliza muuzaji, akasema zote ziko sawa, tusiwe na wasiwasi. Tukajaza vipuri, tukalehemu kwa SAC305, lehemu isiyo na risasi. Mnunuzi akaweka bodi moja kwenye kipimo cha eksirei, akalenga pedi iliyoachwa wazi bila kipuri: risasi. Mzigo wote ukakataliwa. Na hakuna cha kurekebisha, maana pedi ikishapata moto risasi yake inayeyuka na kuingia ndani ya kiungo kipya. Yule muuzaji sijamsamehe. Aliuza bodi za HASL ya kawaida, yaani pedi zilizopakwa lehemu ya moto, akijua kabisa ina risasi, na tulipomrudia akasema hatukutaja "bila risasi" kwenye oda. Neno RoHS aliliandika mwenyewe!

Kwa hiyo usikubali neno la mdomo wala muhuri wa ankara. Kila kipuri, kila bodi, kila waya, dai karatasi inayotaja nyenzo na viwango vyake, yenye namba ya toleo lile lile unalonunua, kabla hujatoa hela. Waya usiudharau: mwaka 2001 Uholanzi ilizuia PlayStation za Sony zipatazo milioni 1.3 kwa ajili ya kadimi, metali yenye sumu, kwenye nyaya, hata kabla RoHS haijaanza. Siku hizi kadimi kikomo chake ni asilimia 0.01, na tangu Julai 2019 zimewekewa kikomo pia thalati 4, kemikali zinazolainisha plastiki ya nyaya. Tamko la ulinganifu utalisaini wewe mtengenezaji, si muuzaji wako, na jalada lake utalitunza miaka 10.

Bodi za stoo usiziguse. Agiza mpya, andika kwenye oda yenyewe "HASL bila risasi" au ENIG (pedi zilizopakwa nikeli na dhahabu), na zikifika peleka moja ikapimwe ikiwa bado tupu.