Uchungu ni wa moto, si wa kahawa

Dada, umeuliza kwa nini kahawa yenu ya Mbozi ilitoka chungu mlipopiga kambi Kitulo. Moto ulikuwa mkali. Birika lenu la kahawa (percolator), lenye bomba katikati, hupandisha maji, yakamwagikia unga wa kahawa ulio kwenye kikapu chenye matundu juu ya bomba, yakashuka na kupanda tena. Kila mzunguko unakamua zaidi, mpaka unafikia uchungu.

Saga chengachenga, kama chumvi ya mawe. Unga laini wa dukani unapita kwenye matundu ya kikapu na mtakunywa mashapo. Kijiko kimoja cha chakula kwa kikombe kinatosha.

Sasa kaa uangalie kile kirungu cha kioo juu ya kifuniko. Kahawa ikianza kuruka ndani yake, punguza gesi hadi iwe inaruka mara moja kila baada ya sekunde chache. Dakika 7, epua, toa kikapu, ndipo umimine. Kwa kuni, sogeza birika pembeni kwenye makaa (na kishikio kielekee nje, jamani).

Huko juu Kitulo, mita 2,600 hivi, maji huchemka kwenye nyuzi 91 au 92 tu. Kwa hiyo kahawa ikitoka nyepesi ongeza dakika moja, usiongeze moto.